Bidada wa Kibiti ndani ya upinde wa mvua wa Aarhus: picha hazina kosa, kapsheni ndiyo inayo

Wiki nzima mjini ubuyu ni mmoja. Bidada fulani mwenye wafuasi wa kutosha, jina kapuni, kaenda zake Denmark na kupiga picha ndani ya upinde wa mvua. Si ule wa angani. Ni njia ya mviringo yenye kuta za vioo vya rangi, iliyojengwa juu ya paa la ARoS, jumba kubwa la sanaa lililoko Aarhus, mwendo wa treni wa kama saa tatu hivi kutoka Copenhagen. Kaposti picha kumi na mbili. Ya kwanza uso mwekundu, ya pili wa chungwa, mpaka anamaliza kuzunguka keshakuwa zambarau. Ya mwisho kasimama mbele ya sanamu kubwa ya mvulana aliyechutama, na yeye mwenyewe anaonekana kama kidoli.

Halafu chini kaandika: "Huku ndiko sanaa inakoishi. Kwetu Kibiti ni mbu na minazi tu."

Hapo ndipo moto ulipowaka. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, alikuwa wa kwanza kumshukia: eti kulipa kiingilio ili ukatazame vioo ni ushamba uliopanda ndege. Nyuma yake likaja jeshi. Wengine wakasema vioo kama hivyo Kariakoo vimejaa. Wengine wakauliza swali lao la kila siku, hela ni ya nani, maana dada akionekana ughaibuni lazima atafutwe mwanaume aliyelipa tiketi. Msanii huyo huyo mwaka jana alikula bata Dubai mpaka akaposti bili ya hoteli, na hakuna aliyemuuliza nani kamlipia.

Hawa wajibiwe kwanza. Mchukue kijana yeyote wa Dar, muulize Makumbusho ni nini. Atakwambia ni stendi ya daladala. Kijiji cha Makumbusho chenyewe, kilichofunguliwa 1966, chenye nyumba za jadi za makabila mbalimbali, kipo jirani tu na hapo, na wanaoshuka kituoni wanakipita kama wanavyopita ukuta wa godauni. Makumbusho ya Taifa kule mtaa wa Shaaban Robert yapo tangu 1940. Kiingilio cha Mtanzania hakifiki bei ya chipsi kuku. Sasa mtu ambaye hajawahi kuingia hata kwenye ya nyumbani, kajuaje kwamba ya Denmark ni vioo vya Kariakoo?

Na kwa kweli si vya Kariakoo. Kazi ile ni ya Olafur Eliasson, msanii wa Denmark mwenye asili ya Iceland, na ilifunguliwa 2011. Ni duara lenye njia ya mita 150, watu wanatembea ndani yake taratibu na mji mzima unabadilika rangi chini yao: makanisa, bandari, mapaa, watu wanaoendesha baiskeli. Anayetoka kwenye nyekundu kuingia kwenye njano anaona macho yake yenyewe yanahangaika kuzoea. Ndiyo sanaa yenyewe hiyo. Yule mvulana aliyechutama naye alitengenezwa na Ron Mueck, Mwaustralia, mwaka 1999. Ana urefu wa mita nne na nusu, na hapo bado hajasimama! Ngozi, kucha, mikunjo ya magoti, vyote kama vya mtu hai, na macho ya mtoto aliyeitwa kuja kuulizwa jambo. Mkao ule kila aliyekulia Pwani anaujua. Kwenda kuvitazama vitu hivyo si dhambi, si kiki, wala si kuukana Utanzania. Bidada kafanya vizuri kwenda. Wenye uwezo waende wengi zaidi.

Tatizo ni ile sentensi ya pili.

Jina la ARoS lenyewe lingemsimamisha kama angeuliza. Aros ni jina la zamani la mji wa Aarhus, na maana yake ni mdomo wa mto, pale mto unapoingia baharini. Yaani binti wa Kibiti, aliyezaliwa pale Mto Rufiji unapojigawa vipande vipande kabla ya kuifikia bahari inayotazama Mafia, kasafiri mpaka Ulaya, kaingia kwenye jumba linaloitwa mdomo wa mto, kisha kaandika kwamba kwao kwenye mdomo wa mto hakuna kitu.

Kuna kitu. Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha taarifa za shanga za Kirumi zilizochimbuliwa eneo la delta ya Rufiji. Shanga za Kirumi, jamani. Aarhus ilianza kama makazi ya Waviking kwenye karne ya nane hivi. Wakati watu wa Rufiji wanachagua shanga zilizovuka bahari, huko kwenye upinde wa mvua hapakuwa hata na mji. Kisha iko ile mikoko, zaidi ya hekta 50,000, msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki. Boriti zake zilipakiwa majahazini miaka na miaka kwenda Zanzibar, Lamu, Arabuni na Ghuba. Nenda Mji Mkongwe utazame vyumba vya zile nyumba za mawe, virefu na vyembamba. Upana wa chumba ulikatwa na urefu wa boriti. Mti wa delta ndio uliompimia tajiri wa Unguja sebule yake.

Na vya delta vikishaondoka vinawekewa mlango wa kulipia kwingine. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikoko hiyo 1914, ikazamishwa humo humo Julai 1915. Mizinga yake ikaopolewa na kuburutwa vitani. Leo mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine uko Pretoria. Yupo kijana wa Kibiti atakayekwenda Mombasa kutembea, alipe kiingilio, aegemee ule mzinga apige selfi, na asijue kwamba umetoka mtoni kwao.

Sasa, kwa nini bidada aandike vile? Hapa wanaomtukana wangepunguza kidogo. Kibiti ilipotajwa nchi nzima mwaka 2017, ilikuwa kwa mauaji ya askari na viongozi wa vijiji. Ilipotajwa tena kwa nguvu Aprili 2024, ilikuwa kwa mafuriko yaliyofunika mashamba na nyumba za watu wa Kibiti na Rufiji. Mtoto wa huko akifika mjini akasema anatoka Kibiti, anatazamwa usoni mara mbili. Miaka inapita, anajifunza kusema "Pwani" tu, au "njia ya kusini". Siku akiamua kulitaja jina lenyewe, analitaja kwa kulicheka kabla hajachekwa. Ndivyo ilivyo kwa wengi, wala si wa Kibiti peke yao. Lakini mwenye wafuasi wote wale akiicheka kwao, binti mwingine aliyeko Nyamisati na simu yenye ufa anaisoma. Yeye hana upinde wa mvua wa kukimbilia.

Zaidi ya hayo bidada anajua. Kwenye video yake moja ya zamani, akionesha chumba alichohamia, chini ya kitanda umetandikwa mkeka wa ukindu, na sauti yake inasikika ikisema umesukwa na bibi yake mzaa mama. Alisema mara moja, kwa sekunde tatu, akapita kwenye kioo cha kujipambia.

Mkeka kama ule hauanzi dukani. Majani machanga ya mkindu yanakatwa porini kabla hayajafunguka, yanaanikwa mpaka yapauke, yanachanwa nyembamba, mengine yanachemshwa na rangi. Baada ya hapo unasukwa ukili, mkanda mwembamba mrefu, jioni hadi jioni, mkono ukifanya kazi na mdomo ukisimulia mengine. Ukili ukitosha unashonwa, ukanda ubavuni mwa ukanda, na hapo ndipo fundi anapojulikana. Nakshi lazima zikutane. Zambarau aliyoisuka wiki mbili zilizopita iangukie sawasawa kwenye zambarau ya leo, na hakuna mahali popote alipochora. Yote iko kichwani. Nyekundu, kijani, njano, zambarau: ndizo rangi hizo hizo zilizopita usoni mwa bidada kule juu ya paa.

Tofauti iko wapi basi? Kule Denmark pembeni ya kazi kuna kikaratasi. Kina jina la aliyeifanya, mwaka, na alitumia nini. Ndiyo maana leo hata mtu wa Mbagala anaweza kulitamka jina la Eliasson. Mkeka wa delta unauzwa bila kikaratasi. Anayenunua anaulizia bei na upana, anaukunja, anaondoka. Aliyeusuka anaitwa "mama mmoja wa huko".

Na hapo anaingia mtu wa tatu kwenye sakata hili. Mbunifu mmoja wa mapambo ya ndani, jina kapuni, naye alijitokeza kumfundisha bidada uzalendo. Aliandika aya tatu nzima kuhusu kuthamini vya nyumbani. Wafuasi wakampigia makofi. Lakini ukurasa wake uko wazi, na picha zake mwenyewe zinamsema. Anasimamisha gari barabara ya kusini, ananunua mikeka ya ukindu, anarudi nayo Dar, anaikata vipande, anaitia kwenye fremu na kioo, kisha pembeni chini anasaini jina lake. Ndiyo, lake. Masaki inauzwa kwa bei ambayo msukaji akitajiwa atadhani inazungumzwa pikipiki.

Watetezi wake watasema kalipa mafuta, kalipa fundi fremu, kalipa pango la duka, na mama wa mkeka alipewa bei aliyoitaja. Sawa. Fremu ni yake, asaini fremu. Edward Saidi Tingatinga alipaka rangi ya baiskeli kwenye vibao akauza pale Oysterbay, akafa 1972, na mpaka leo mtindo wote unaitwa kwa jina lake. Waliomfuata kila mmoja anasaini la kwake. Hakuna anayeshindwa kuuza kwa sababu jina la aliyetengeneza limeonekana. Kuuliza "mama, unaitwa nani?" hakuna gharama wala hakuhitaji mfadhili.

Katika blogu za udaku jina linawekwa kapuni ili kumsitiri mwenye nalo. La msukaji liko kapuni miaka yote na hakuna siri aliyoomba kufichiwa. Kapu lenyewe kalisuka yeye.

Mbunifu hajajibu alipoulizwa kwenye komenti majina ya waliosuka. Kafuta swali, mara mbili. Msanii keshahamia kwenye ubuyu mwingine. Bidada yeye jana usiku kaihariri kapsheni. Mbu wameondolewa, minazi imebaki. Bibi bado hajatajwa.