Mnatufundisha Kutenganisha, Kisha Mnachanganya

Jirani yangu hapa Dar es Salaam alihudhuria semina ya taka kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Aliporudi alitafuta viroba viwili: kimoja cha maganda ya ndizi, viazi na mabaki ya ugali, kingine cha plastiki na makaratasi. Jumamosi gari la taka likapiga honi, akatoka navyo. Kijana wa gari akakipokea cha kwanza akakirusha juu, akakipokea cha pili akakirusha juu ya kile cha kwanza, vikapasukia humo humo. Jumamosi iliyofuata mambo yakawa yale yale. Ya tatu pia. Ya nne, jirani yangu alitoka na kiroba kimoja.

Anayempita leo na kuona kiroba hicho atasema maneno tunayoyasikia kwenye kila warsha: watu wetu hawana utamaduni wa kutenganisha taka, wanahitaji elimu. Nimeyachoka maneno haya. Si ya kweli, na yanamwonea mtu ambaye ameshafanya sehemu yake.

Ingia jikoni kwa Mswahili yeyote uone kinachotupwa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu haitupwi, inasubiri mafuta ya kula, maziwa au juisi ya ukwaju. Ndoo ya rangi inaoshwa na kuwa ya maji. Ukoko na pumba ni vya kuku, maganda ni ya mbuzi wa jirani. Sufuria iliyotoboka na bati lililooza vinawekwa nyuma ya nyumba hadi apite mnunuzi wa chuma chakavu na mzani wake. Hakuna afisa aliyekuja kutufundisha hayo. Tunatenganisha kila kitu chenye mahali pa kwenda.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni chupa ya soda. Waliokulia miaka ya themanini na tisini wanakumbuka: ulitumwa dukani na chupa tupu mkononi, na kama huna chupa uliacha pesa yake au ulikunywa pale pale ukiwa umesimama. Ole wako uivunje njiani! Chupa zilirudi kwenye kreti, kreti zikarudi kiwandani, zikaoshwa na kujazwa tena. Huo ulikuwa urejelezaji wa nchi nzima, kuanzia Kariakoo hadi duka la mwisho kijijini, na haukuhitaji bango hata moja. Ulihitaji kitu kimoja: chupa ilikuwa na thamani, na thamani hiyo ilirudishwa kwa aliyeileta.

Kisha ikaja soda ya plastiki. Mtengenezaji akaepuka gharama ya kukusanya, kuosha na kusafirisha chupa tupu, na gharama hiyo haikupotea. Ilihamia kwenye mitaro yetu na kwenye Mto Msimbazi. Leo anayezibua mtaro ni mkazi, anayehubiriwa ni mkazi, na aliyeiondoa pesa kwenye chupa haitwi kwenye semina.

Mfano mwingine ni wa juzi tu. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania. Kabla ya siku hiyo wengi waliapa kwamba haitawezekana, eti Mtanzania ameshauzoea mfuko wa bure. Katika muda mfupi watu walikuwa na vikapu na mifuko mbadala mikononi. Tabia zetu hazikubadilika kwa mahubiri, bali kwa sababu muuza duka hakuwa tena na mfuko wa kukupa. Na pale vifungashio laini vya plastiki vilipoachwa viendelee kuuzwa, vikageuka mifuko kwa mlango wa nyuma. Mtu yule yule, mwaka ule ule. Kilichotofautiana ni kile kilichokuwa dukani.

Sikatai kwamba wapo wanaotupa pampasi mtaroni mvua ikinyesha. Wapo, na inaudhi. Lakini nenda kwenye vichochoro vya Tandale ambako lori haliwezi kuingia, uniambie mama mwenye watoto wanne aipeleke wapi.

Tumezoea kuuliza taka zinatoka kwa nani, wakati swali zito ni zinakokwenda. Mwaka 1991 wakazi wa Tabata, Festo Balegele na wenzake 794, waliifikisha Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu kwa sababu ya dampo lililokuwa likiwafukizia moshi na uvundo, nao walishinda. Jiji likahamishia taka kwingine, kisha kwingine tena, na leo malori yanapanda Pugu Kinyamwezi. Dampo limehama mara kadhaa. Kilichomo ndani ya lori hakijabadilika: zaidi ya nusu ni taka za jikoni, ambazo zingekuwa mboji, na zikishachanganyika na plastiki, vyote viwili vinaharibika.

Wapo wanaoamini dawa ni kampuni kubwa yenye magari mapya na mapipa ya rangi. Cairo ilijaribu. Wazabbaleen wa Manshiyat Nasser, chini ya mlima Mokattam, walikuwa wakichukua taka mlangoni kwa watu na kurejeleza sehemu kubwa sana, hadi asilimia 80 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi. Mwaka 2003 jiji likaleta kampuni za Hispania na Italia. Hizo zikaweka mapipa barabarani na kuwataka wakazi washuke na taka zao wenyewe. Wakazi hawakupenda, mitaa ikachafuka, na Wazabbaleen wakaendelea kugonga milango kama kawaida. Mwaka 2009, kwa hofu ya homa ya mafua ya nguruwe, serikali ikachinja nguruwe wao waliokuwa wakila mabaki ya chakula, na mabaki hayo yakarundikana mitaani.

Sisi nasi tunao watu wetu. Waokota chupa hupita alfajiri kabla ya lori, magunia mgongoni, tukiwaita wezi na kuwafukuza getini. Kule Bonyokwa, wilaya ya Ilala, asasi ya Nipe Fagio imefanya kazi na ushirika wa wakusanya taka wanaopita nyumba kwa nyumba, na wakazi wakatenganisha. Ni Waswahili hawa hawa wanaosemwa hawana utamaduni. Tofauti ni kwamba aliyegonga mlango alipokea kila kiroba kwa kazi yake, na taka za jikoni zikaenda kuwa mboji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu. Basi kabla ya semina ijayo, halmashauri ituonyeshe mkataba wa mkandarasi. Iandikwe humo siku ya taka za jikoni na siku ya taka kavu, mahali kila moja inakoshushwa, na faini ya atakayechanganya. Waokota chupa wapewe vitambulisho na eneo la kuchambulia lenye paa na maji. Wenye viwanda vya soda na maji wairudishe pesa kwenye chupa.

Jirani yangu bado anacho kile kiroba cha pili. Amekikunja, amekiweka juu ya kabati la vyombo.