Bwana Shamba Asema: Doa Jeusi la Unyayoni



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mahindi wala mtama. Tunazungumza juu ya miguu yetu. Mkulima wa Machochwe hufuata plau kwa miguu. Hufuata ng'ombe malishoni kwa miguu. Lakini ni nani kati yetu hutazama nyayo zake?

Iko saratani ya ngozi iitwayo melanoma. Ni ugonjwa wa nadra. Kwetu sisi Waafrika, mara nyingi huanzia unyayoni au chini ya ukucha. Hauambukizi. Wala si kulogwa.

Madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, waliwachunguza wagonjwa wao wa melanoma. Waliona kwamba kwa wengi ugonjwa ulianzia mguuni, na wengi walifika wamechelewa. Mwanzoni doa haliumi. Mtu hudhani amechomwa na mwiba tu.

Dalili ni hizi:

1. Doa jeusi linalokua au kubadilika rangi.
2. Mstari mweusi unaopanuka kwenye ukucha mmoja.
3. Kidonda cha unyayo kisichopona kwa mwezi mzima.

Si kila doa ni saratani. Wengi wetu tuna madoa ya siku nyingi nyayoni, na hayana neno. Doa linalobadilika ndilo la kuonyesha zahanati.

Hospitalini daktari hukata kipande kidogo cha nyama, kikapimwa kwa hadubini. Ikiwa ni melanoma, hukata doa lote na ngozi kidogo inayolizunguka. Pengine hukata kidole. Doa likiwa bado changa, kisu peke yake huponya wengi.

Ukichelewa, ugonjwa husafiri hadi kwenye mitoki ya kinena, kisha mapafuni. Hapo kisu peke yake hakitoshi. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika alikutwa na melanoma kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977. Alikataa kidole kisikatwe. Alifariki mwaka 1981, akiwa na miaka 36. Wakati ule dawa za leo hazikuwapo.

Moja ya dawa za leo huitwa pembrolizumabu. Dawa hii haiui saratani yenyewe. Huwaamsha askari walio katika damu ya kila mtu, nao huishambulia.

Je, kitangulie kisu au dawa? Mwaka 2023 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la wagonjwa 313. Ugonjwa wao ulikuwa umeanza kusambaa, lakini bado ungeweza kukatwa. Kundi la kwanza lilikatwa, kisha likapewa dawa. Kundi la pili lilipewa dawa mara 3, likakatwa, kisha likaendelea na dawa. Baada ya miaka 2, katika kundi la kwanza watu 49 kati ya kila 100 walikuwa salama bila ugonjwa kurudi. Katika kundi la pili walikuwa 72.

Kwa nini? Fikiri juu ya wizi wa ng'ombe. Wafuatiliaji huzitazama nyayo kwanza. Ukizifuta kabla hawajaziona, watafuata nini? Uvimbe ukiwa bado mwilini, askari hujifunza kuutambua. Ukiisha kukatwa, huyasaka mabaki yake yaliyojificha.

Lakini dawa hii ni ghali mno. Tena melanoma ya unyayo haiisikii vizuri kama zile zinazotokana na jua. Kwa hiyo silaha yetu kubwa bado ni kuwahi.

Leo jioni ukinawa miguu, tazama nyayo, kucha na katikati ya vidole. Watazamie wazee pia. Ukiona doa linalobadilika, usilichome moto wala usilikate kwa wembe. Nenda zahanati. Omba barua ya kwenda hospitali Mugumu, na ikibidi, Bugando. Daktari akisema kisu, usitoroke. Mtu aliyekatwa kidole kimoja bado anaweza kulima.

Bwana Shamba wenu