Mmea wako unajua kodi yako, si tabia yako

Umeziona hizo chemshabongo za mitandaoni: ukipenda kaktasi wewe ni wa kujitenga, ukipenda waridi wewe ni wa watu. Zinachekesha, sawa. Lakini kama umepanga Pipeline, Embakasi, ambako maghorofa yamebanana hadi jua halifiki dirishani, na maji ni ya mgao, hilo waridi utalipanda wapi? Unachukua mmea unaovumilia giza na kiu, kisha unaambiwa eti ndiyo tabia yako!

Kibra, sukuma wiki za kwenye magunia zilishika kasi baada ya ghasia za 2007-2008, chakula kilipopanda bei. Hakuna aliyeulizwa kwanza kama ni mpole au mchangamfu. Wewe anza na landilodi: anaruhusu gunia la udongo kwenye balkoni?