Baridi ya Alimbongo si friji



Siku za ndoa zimekaribia, na kila familia inatafuta mbuzi au nguruwe wa kuchinja. Basi wiki hii tuzungumze juu ya nyama. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita tulichinja mbuzi nyumbani kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu. Wanaume walimchinja jioni, chini, karibu na zizi. Mimi nilipewa matumbo nioshe. Nilipomaliza nilisuuza mikono kwa maji kidogo ya bidoni, nikachukua kisu kilekile, nikakata nyama ya kesho. Tuliiacha ndani ya beseni usiku kucha bila wasiwasi, kwani hapa kwetu juu ni baridi. Asubuhi wageni wakafika mapema, tukaichoma haraka haraka.

Usiku uliofuata watoto wanne walikuwa wanahara na kutapika. Namshukuru Mungu wote walipona, lakini aliye mdogo kuliko wote alilala siku tatu kwenye kituo cha afya, na serumu kwenye mkono. Mnajua siku tatu kama hizo zinakula pesa gani.

Muuguzi aliniuliza swali moja tu: «Nani aliosha matumbo, na nani alikata nyama?» Nikanyamaza, maana alikuwa ni mimi kwa yote mawili.

Akanifundisha hivi. Mnyama mwenye afya, nyama yake ya ndani ni safi. Vijidudu viko katika ngozi, kwato na matumbo yake, pamoja na mavi. Vinaitwa bakteria, salmonela ni mojawapo. Vinafika kwenye nyama kwa mkono wetu, kisu chetu, maji machafu, udongo na nzi. Mahali pa joto, kama kule Beni, kijidudu kimoja kinaweza kugawanyika viwili kila dakika 20. Saa moja ikipita ni 8. Saa saba zikipita ni zaidi ya milioni mbili. Baridi yetu inapunguza mwendo wao, lakini haiwazuii. Friji nzuri inashika digrii 5 au chini yake. Hewa yetu ya mchana iko juu ya hapo, hata tukivaa makoti.

Tufanye nini basi, sisi tusio na friji?

Kwanza, mnyama asipewe chakula kwa saa 12 kabla ya kuchinjwa, maji apewe. Tumbo lisilojaa sana halipasuki kwa urahisi.

Pili, akishachinjwa atundikwe kwenye mti au nguzo, asichunwe akiwa amelala chini. Mkono ulioshika ngozi usishike nyama mpaka unawe kwa sabuni. Kisu kilichochuna kioshwe, kisha kitumbukizwe katika maji yanayochemka kabla ya kukata nyama. Weka sufuria ya maji motoni kabla kazi haijaanza.

Tatu, kabla ya kutoa matumbo, funga kwa kamba njia ya haja kubwa na mrija wa chakula wa shingoni, ili kitu kisimwagike. Mavi yakigusa nyama, kata kipande hicho ukitupe. Ukikimwagia maji, unasambaza uchafu kwenye nyama yote.

Nne, na hili ni letu sisi wanawake: anayeosha matumbo asikate nyama siku hiyo. Wawe watu wawili, visu viwili, beseni mbili. Tena matumbo yaoshwe mbali na kijito tunachotekea maji.

Tano, nyama ipikwe siku ileile, mpaka maji yake yasiwe mekundu tena. Kama lazima ilale, ichemshe vizuri jioni, ifunike, na asubuhi uichemshe tena kabla ya kula. Ubao uliokatia nyama mbichi usikatie nyanya za kula bila kupika.

Mkienda sokoni, tazameni kabla ya kulipa. Je, nyama imetundikwa, au iko juu ya meza yenye nzi? Yule anayeikata, ndiye pia anayepokea franga kwa mkono uleule? Muuzaji akiona wamama kumi wanaondoka kwa sababu hiyo, kesho atatafuta kitambaa safi na sabuni.

Kuna jambo moja ambalo kuchemsha hakutoshi. Katika siku hizi za kukimbia-kimbia, ng'ombe akikutwa amekufa, watu wanasema: tusipoteze nyama. Mwezi wa 4 mwaka 2025, katika mbuga ya Virunga, viboko wapatao 50 walikufa kwa kimeta, ugonjwa unaoitwa charbon kwa Kifaransa. Mizoga yao ilionekana katika mto Ishasha, unaoingia Ziwa Edouard. Bakteria wa kimeta wanaweza kukaa ndani ya udongo miaka mingi, na wanampata hata yule anayechuna tu. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu nyeusi puani au nyuma, msimpasue, msimchune, msimuuze. Mwiteni veterinere, na mzoga uzikwe shimo refu. Kupoteza ng'ombe kunauma, najua. Kumzika mtoto kunauma zaidi.

Wakati wa Ebola, 2018 hadi 2020, kanda yetu ya afya ya Alimbongo nayo ilipata wagonjwa. Siku hizo kila mlango ulikuwa na ndoo ya kunawia mikono, na tulizoea. Ndoo hizo nyingi sasa zinabeba viazi. Ombi langu kwa vikundi vyetu: kabla ya karamu ijayo, kila kikundi kitafute ndoo moja yenye robine, sabuni, visu viwili na kamba ya kutundikia, viwe mali ya kikundi, viazimwe nyumba kwa nyumba. Na siku ya karamu mchague mapema mama wa matumbo na mama wa nyama.

Mimi nimeshasema: nitakuwa wa matumbo. Kisu cha nyama nimekiacha kwa mwingine.

Tuonane wiki ijayo.