Fundi au mpiga ramli? Moshi tunachokosa sio spea, ni kipimo

Wadau, leo tuziache kidogo siasa za majukwaani tuongelee kitu kilichopo mfukoni mwako. Simu yako ikizima sasa hivi, fundi atajuaje imeharibika nini?

Swali linaonekana dogo, lakini hapa Moshi na huko mlimani, kuanzia Kibosho mpaka Marangu na Rombo, simu ndiyo benki. Bibi anatumiwa hela ya dawa kwa simu. Kila Desemba tukipanda nyumbani kwa Krismasi tunapanda na mizigo: TV, sabufa, na simu zetu za zamani tunawaachia wazee. Januari sisi tunarudi zetu Dar, vifaa vinabaki. Vikigoma, mzee anashuka mjini kwa daladala, nauli kwenda na kurudi, halafu anakutana na fundi anayebahatisha.

Nimekaa sana kwenye meza za mafundi mjini hapa, na mita nimejifunza kuishika huko huko. Nilichokiona ni kwamba vijana wengi wanajua kubadilisha, wachache wanajua kutafuta. Simu haiingizi chaji? Badilisha sistimu chaji. Bado? Badilisha betri. Bado? "Hii bodi imekufa, tafuta simu nyingine." Mteja kalipa mara mbili na ugonjwa wenyewe hajaambiwa. Jamani, hiyo ni ramli!

Kutafuta ugonjwa kuna mpangilio wake. Chukua simu hiyo hiyo. Unaanza na vitu vya bure: jaribu waya mwingine, jaribu chaja nyingine, mulika tundu la chaji uone kama limejaa vumbi la mfukoni. Halafu ndo mita. Chaja ya kawaida ya USB inatakiwa itoe karibu volti 5. Betri ya simu ikijaa husoma volti 4.2 au juu kidogo, ikishuka chini ya 3 ujue imekwisha kupita kiasi. Kama volti 5 zinafika mpaka kwenye tundu na betri ni nzima lakini haipandi, hapo sasa una haki ya kuishuku bodi. Kila kipimo kinamfuta mtuhumiwa mmoja.

King'amuzi kinawaka na kuzima? Pima adapta yake. Kama imeandikwa volti 12 na inasoma 12 ikiwa peke yake, halafu inaporomoka ukiichomeka kwenye king'amuzi, mara nyingi kapasita za ndani zimechoka. Kapasita ni spea ya bei ndogo sana. Asiyepima atamwambia mteja anunue king'amuzi kipya.

Na kuna suala la uhai. Umeme wetu ni volti 230, na ndani ya TV kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Betri ya simu iliyovimba ukiitoboa inaweza kulipuka moto. Dogo asiyeambiwa haya siku ya kwanza anaweza kuondoka na kibanda kizima.

Sasa mbona hawajui? Sio uvivu. Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, namna tunavyojifunza. Dogo anakaa chini ya fundi miezi na miezi anashika tochi. Fundi anamficha ujuzi, na ukimuuliza anakujibu ukweli: nikimfundisha yote, kesho anafungua kibanda mbele yangu.

Pili, vifaa. Mita ya kawaida mtu anajikusanya ananunua. Ila darubini ya kuonea bodi, mashine ya hewa moto, na chanzo cha umeme cha kupimia, vyote kwa pamoja, kibanda kimoja kitavitoa wapi?

Tatu, watengenezaji wenyewe. Miaka ya 1970 redio zilikuwa zinaunganishwa hapa hapa nchini, Philips pale Arusha na National kule Dar. Redio ya wakati ule unafungua skrubu unaona kila kitu. Simu ya leo imegandishwa kwa gundi na mchoro wa bodi hupewi. iPhone za miaka hii ukiiwekea kioo ambacho sio cha Apple, inakuletea ujumbe wa kumshitaki fundi wako!

Tena kuna wakati kifaa ni kizima kabisa, ugonjwa uko nje yake. Mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa Moshi na Arusha, TV nyingi zilibaki giza bila kuharibika, zilichokosa ni king'amuzi. Juni 2016 TCRA ilipozifungia simu feki, simu zilikuwa zinawaka vizuri ila mtandao hakuna. Hapo hata ubadilishe antena mara kumi unajisumbua. Fundi anayejua kupima ndiye angekwambia mapema: mama, usinilipe, hii haiko mikononi mwangu.

Nini kifanyike? Naomba nitoe hoja: tuwe na karakana za mtaa. Meza moja ndefu, vifaa vya pamoja, ada ndogo, na kanuni moja kwamba hakuna kubadilisha spea kabla hujaandika ulichopima. Daftari likijaa, linakuwa kitabu cha wanaokuja nyuma.

Msiniambie haiwezekani. Arusha kuna karakana ya Twende. Sio ya simu, lakini Bernard Kiwia, aliyeanza kama fundi baiskeli, ameonyesha pale kwamba watu wa kawaida wakipewa zana na mahali wanabuni na kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Uholanzi, mwaka 2009, Martine Postma alianzisha Repair Café Amsterdam, watu wanaleta vilivyoharibika na kutengeneza pamoja na wanaojua. Na mlima huu ndio ulioanzisha umoja wa wakulima wa kahawa mwaka 1925, ukaja kuwa KNCU mwaka 1933. Mkulima alipeleka kahawa yake kupimwa chama cha msingi, hakulazimika kununua mzani wake. Mita na darubini zinashindikana vipi?

Serikali nayo ina sehemu yake. VETA wana utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti. Ni jambo zuri, sasa uwafuate mafundi kwenye meza zao. Kanuni za taka za elektroniki tunazo tangu 2021, lakini taka ni hatua ya mwisho. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwabana watengenezaji watoe huduma ya matengenezo na spea kwa bei ya haki. Sisi tunaonunua simu hizo hizo, nyingine zikiwa zimeshatumika huko kwao, tumedai nini?

Mafundi mtasema nawaharibia biashara. Hapana. Mteja aliyedanganywa mara mbili harudi, anaenda kununua simu mpya dukani na hela yake haifiki mezani kwako tena. Mteja aliyeambiwa "nimepima, ni kapasita" anarudi na jirani yake.

Wewe ukienda kwa fundi safari ijayo muulize swali moja tu: umepima nini? Akikasirika, beba simu yako uondoke.

Mafundi na wateja wa Moshi, Hai, Rombo na kwingineko, uwanja ni wenu. Karakana ya pamoja mngeiweka wapi, na nani ashike funguo? Nawakilisha.