Kifaa Kimefika, Elimu Je?

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Lilikuwa jambo jema. Ninachokihoji ni imani iliyoota mizizi katika ofisi zetu kwamba kifaa kikishafika shuleni, elimu nayo imefika.

Kioo cha kishikwambi ni laini. Mtoto asiyeona akikipapasa haambulii kitu, mpaka kiwekewe programu ya kumsomea maandishi kwa sauti, tena kwa Kiswahili kinachosikika vyema. Video isiyo na lugha ya alama humwacha kiziwi akitazama midomo inayocheza. Mwenye ulemavu wa akili huhitaji kushika vitu, kuvipanga na kurudia mara nyingi. Watoto hawa wakikosa zana, huandikwa kuwa ni wazito wa kuelewa, nao hukua wakiliamini neno hilo.

Kufundisha kwa milango kadhaa ya fahamu ni maarifa ya zamani. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia, alifanya kazi na watoto wenye ulemavu wa akili kabla ya kufungua shule yake mjini Roma mwaka 1907. Herufi zake zilikatwa katika karatasi ya msasa. Mtoto alizifuatisha kwa kidole huku akizitamka. Kabla yake, Louis Braille, kijana kipofu wa Ufaransa, alitosheka na nukta 6 kuunda alfabeti nzima. Wote wawili walianza na mtoto, kisha wakatafuta kifaa.

Sisi tumeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na tukatunga sheria yetu mwaka 2010. Ahadi ipo, iliyobaki ni bajeti. Hati za zabuni zitaje programu za sauti, mashine za nukta nundu na video zenye lugha ya alama, pamoja na mafunzo ya walimu na fedha za matengenezo. Wanafunzi wa kompyuta vyuoni waelekeze miradi yao huko. Wanaharakati nao waache kuhesabu vifaa vilivyogawiwa, wahesabu watoto wanaoweza kuvitumia.

Na afisa wa manunuzi, kabla ya kutia saini, aulize: mtoto asiyeona atakitumiaje kifaa hiki Jumatatu asubuhi? Akikosa jibu, asisaini.