Maoni: Theluji isiwafungie Wakongo wa Montréal ndani ya nyumba

Desemba inapofika, mazungumzo ya simu kati ya Goma na Montréal hubadilika. Mama aliyekimbia vita Masisi au Rutshuru, ambaye leo anakaa kwa jamaa au chini ya hema, anamuuliza mwanawe aliye Kanada kama amekula, kama kazi inaendelea, kama watoto wanasoma. Kisha anamaliza na agizo lilelile la kila mwaka: «Usitoke nje mwanangu, barafu itakuangusha.» Mwana anajibu «Ndiyo, mama», naye anatii. Anatoka nyumbani kwenda kazini, anatoka kazini kurudi nyumbani, na maisha yake yanakuwa hayo mpaka Aprili.

Agizo hilo linatokana na upendo, lakini linaumiza. Baridi ya Montréal inachukua miezi minne na zaidi. Mwezi wa Desemba jua linazama huko mnamo saa kumi na robo ya jioni, hata kabla ya watu wengi kutoka kazini. Mtu aliyefika juzi, asiye na jirani wa kuongea naye Kiswahili, akifungiwa ndani muda wote huo, moyo wake unalemewa. Tena wengi walifika huko wakiwa tayari na mzigo wa vita kichwani. Ukimya wa chumba kimoja hauupunguzi mzigo huo. Kutembea mchana pamoja na wenzake ni dawa isiyonunuliwa.

Kuna pia kizuizi cha pili, na hiki kinatoka kwa wenyeji wa huko. Mgeni akiuliza kuhusu kupanda kilima wakati wa theluji, mara nyingi anaambiwa kwamba lazima kwanza anunue kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu. Anapiga hesabu. Fedha hiyo ni karo ya mdogo wake au unga wa familia iliyohama. Anaacha. Ushauri huo una ukweli kwa milima mikali yenye miteremko ya barafu tupu, lakini kwa njia ambayo Wakongo wengi wa Montréal wanaweza kuifikia kwa basi, unazidi kipimo.

Njia hiyo ni ya Mont-Royal, kilima kilicho katikati ya mji. Kina urefu wa mita 233 tu juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Goma alizaliwa karibu mita 1,500 juu, na Nyiragongo iliyo nyuma ya nyumba yao ina mita 3,470. Bustani ya Mont-Royal ilifunguliwa mwaka 1876, na mchoraji wake, Frederick Law Olmsted, alitaka njia kuu ipande polepole, ikizunguka kilima, ili magari ya farasi yapite bila taabu. Njia hiyo pana ipo mpaka leo na ina jina lake. Wakati wa baridi, mamia ya miguu huikanyaga theluji mpaka inashikamana. Juu kuna uwanja wa kutazama mji na mto Saint-Laurent, na nyumba kubwa iliyojengwa mwaka 1932 ambamo watu huingia kupata joto. Hapo hapahitaji chuma. Panahitaji kiatu kizuri na akili.

Akili hiyo watu wa Kivu wanayo. Mwanamke anayebeba bidoni ya maji juu ya mawe ya lava ya mwaka 2002 anajua kupima jiwe kabla ya kuliamini. Mkulima wa Masisi anayeshuka mlima kwenye matope, akiwa na gunia la viazi mgongoni, anajua kwamba hatua ndefu ndiyo inayoangusha. Hata Ruwenzori, wenye kilele cha mita 5,109, unatoa somo lilelile. Kutoka Mutwanga, watu hupita matope na mizizi kwa mabuti ya mpira na fimbo. Kramponi na kamba vina mahali pake, ni pale barafu yenyewe inapoanza. Hakuna anayezivaa kijijini.

Kinachobaki ni kujifunza mambo machache ambayo Kivu haifundishi. La kwanza ni kutofautisha theluji na barafu. Theluji mpya, au ile iliyokanyagwa siku za baridi kali, inashika kiatu vizuri. Hata inalia chini ya soli. Hatari inakuja joto linapokaribia sifuri. Theluji inayeyuka mchana, usiku maji yanaganda, na asubuhi njia inang'aa kama kioo. Kwa hiyo siku ya digrii kumi chini ya sifuri, ambayo mama anaiogopa zaidi akiisikia kwenye simu, mara nyingi ni salama kwa mguu kuliko siku ya digrii sifuri inayoonekana ya upole.

La pili ni mwendo. Hatua ziwe fupi, unyayo utue wote kwa pamoja, magoti yalegee kidogo, na uzito wa mwili ukae juu ya mguu wa mbele. Mikono isikae mifukoni. Ivae glavu na iwe tayari kusaidia mwili kusimama. Katikati ya njia pakiwa pamesuguliwa na kung'aa, mtu ahamie pembeni, penye theluji ya kukwaruza au mchanga uliomwagwa. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, basi nguvu zisimalizwe juu. Fimbo moja inasaidia sana, hata ile ya zamani ya mtu wa kuteleza kwenye theluji, inayouzwa kwa bei ndogo kwenye maduka ya mitumba.

La tatu ni kiatu na nguo. Soli iwe ya mpira laini wenye makato ya kina kama tairi mpya. Soli ya zamani iliyokuwa ngumu inateleza hata ikiwa ya bei kubwa. Kiatu kiwe na nafasi ya soksi nene, kwa sababu kikibana damu haifiki kwenye vidole na baridi inaviuma haraka. Ndani kusivaliwe pamba, maana inashika jasho na kumgandisha mtu anaposimama. Sufu ni bora. Nguo nyepesi tatu zilizopangwa zinashinda koti moja zito, kwa sababu mtu anaweza kupunguza moja akipanda na kuirudisha akipumzika.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yatavunja watu miguu. Hoja yao isipuuzwe, kwa sababu ipo siku ambayo hakuna ujanja unaotosha. Montréal ina mvua inayoganda: inanyesha kama maji na kugeuka barafu inapogusa ardhi, mti au waya. Mwezi wa Januari 1998 mvua ya aina hiyo iliangusha nguzo za umeme na kuacha mamilioni ya watu gizani katika Québec na maeneo jirani. Siku kama hiyo kilima kiachwe. Ngazi ndefu zinazopanda moja kwa moja kutoka upande wa mji ziachwe pia kila zinapokuwa na barafu. Njia ya kuzunguka ipo. Mzee, mama mjamzito, au mtu aliyewahi kuvunjika nyonga, yeye anunue vyuma vile vidogo vya kuvalisha juu ya kiatu, au atembee kwenye tambarare iliyosafishwa. Hakuna aibu katika hilo. Na anayealikwa kwenye milima mirefu nje ya mji, penye miteremko ya barafu, asiende na viatu vya kawaida kwa sababu tu Mont-Royal ilimkubali.

Kugeuka nyuma pia ni sehemu ya kutembea. Hatua tatu zikiteleza mfululizo, au jua likiwa linakaribia miti, safari imekwisha kwa siku hiyo. Kilima hakihami. Wahami wa Kivu wanajua vizuri kuliko wengi maana ya kuisoma njia na kuamua mapema. Uamuzi huo uliwaokoa mara nyingi, na hauna sababu ya kuachwa uwanja wa ndege.

Wajibu upo pande mbili. Kule Montréal, waliotangulia wana deni kwa waliofika mwaka huu. Kwaya, vikundi vya akina mama na vijana wanaokutana Jumapili wanaweza kutenga saa mbili baada ya ibada na kumpeleka mgeni kwenye njia ya Olmsted, saa saba mchana, siku kavu, wakitembea polepole na kuongea Kiswahili. Mtu akionyeshwa mara moja mahali pa kuweka mguu, Jumapili inayofuata atakwenda mwenyewe, na atampeleka mwingine.

Na huku nyumbani, wazazi na jamaa wabadilishe agizo la simu. Mtoto asiyeweza kurudi Masisi leo, na ambaye mama yake naye hawezi kurudi shambani, asiongezewe kifungo kingine cha kuta nne. Badala ya «usitoke nje», aulizwe: viatu vyako vina soli gani? Leo kuna barafu au theluji? Unakwenda na nani? Utarudi saa ngapi? Hayo ni maswali ambayo kila mama wa Kivu humuuliza mtoto anayekwenda kisimani. Yanamlinda mtoto, na bado yanamwacha atembee.